Kipima oksijeni cha mkononi baada ya miezi 8 chumba cha upasuaji

Kwa miezi 8 nimekitumia kifaa hiki kila ninapomlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, na ninachokithamini zaidi si kioo chake bali mlio wake, ambao huwa mzito kadiri oksijeni ya damu inavyopungua, hivyo hata nikiwa nimeinama kupitisha mpira wa hewa kooni ninajua hali ya mgonjwa bila kuinua macho. Chaji inadumu umeme unapokatika. Kibanio cha watoto, hata hivyo, hakiridhishi: huteleza kwenye vidole vidogo, na mara mbili kimenipa namba ya kutisha ilhali mtoto anapumua vizuri na midomo yake haina dalili yoyote ya kukosa oksijeni. Kucha zenye hina nyeusi nazo hukisumbua; hapo huhamishia kibanio sikioni.

Kijitabu chake hakigusii kabisa jinsi rangi ya ngozi inavyoweza kupotosha kipimo. Utafiti wa Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulilinganisha vipimo vya aina hii na damu ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni): pale kifaa kilipoonyesha asilimia 92 hadi 96, kiwango halisi kilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, dhidi ya 3.6 kwa Weupe. Ndiyo maana 93 kwangu si namba ya kunituliza. Huongeza oksijeni kwanza, kisha nikatafuta sababu. Ningekinunua tena, ila kibanio cha watoto ningekitafuta kwingine.