Chuo cha nje kwa kijana ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga: kipi kwanza, kipi mwisho

Matangazo ya vyuo vya nje huanza na picha za majengo na orodha ndefu ya kozi. Kwa kijana ambaye Kiingereza chake ni cha kujibia mtihani wa NECTA, vyote hivyo vinaweza kusubiri. Mzazi ananunua kwanza njia: ile ya kumtoa kijana alipo hadi siku anaketi darasa la shahada. Swali la pili ni nani atalipa akichelewa kufika. Orodha hii imepangwa kwa kigezo hicho, ikifuatiwa na gharama. Ukubwa wa jina la chuo haukupewa uzito.

Mpime kabla hujauliza ada

Usitosheke na "anajitahidi". Vyuo hupima kwa ngazi za A1, ya chini kabisa, hadi C2, ya juu kabisa, na shahada nyingi hutaka B2, ambayo kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS ni kati ya 5.5 na 6.5. Kijana anayefuata mazungumzo ya kawaida lakini anakwama akiambiwa aandike kurasa mbili za hoja, mweke B1. Makadirio ya Cambridge, watunga mitihani ya Kiingereza, ni kwamba kutoka B1 hadi B2 kunahitaji saa kama 200 za kufundishwa. Kwa saa 20 kwa wiki hizo ni wiki 10. Kwa masomo ya jioni ya saa 6 kwa wiki, ni karibu miezi minane.

Miezi minane hiyo, akiwa anakula nyumbani, ni nafuu kuliko muhula mmoja wa lugha katika mji wa Uingereza. Kwa hiyo aliye chini ya B1 asipande ndege kwanza, hata kama pesa ipo. Mtihani wa Duolingo unafanyika nyumbani kwa muda wa saa moja hivi, majibu hutoka ndani ya siku mbili, na unatosha kujua kijana yuko wapi. Mtihani rasmi ufanyike akikaribia kuomba, kwa sababu matokeo ya IELTS hudumu miaka miwili tu.

Soma masharti ya alama hadi mwisho wa sentensi. Chuo kikitaka 6.0 na kila sehemu isipungue 5.5, mwenye kusikiliza 6.5, kusoma 6.5, kuongea 6.0 na kuandika 5.0 ana jumla ya 6.0 kamili, na bado hajafaulu. Kuandika ndiko kunakowaangusha wengi, na ndiko masomo ya ziada hukugusa kwa nadra, maana kunamtaka mwalimu akae asahihishe karatasi moja moja.

Nafasi ya kwanza: kampasi tawi nchini Malaysia

Monash ya Australia ilifungua tawi lake Malaysia mwaka 1998 na sasa liko Bandar Sunway. Nottingham ya Uingereza ilifuata mwaka 2000, na kampasi yake iko Semenyih, nje kidogo ya Kuala Lumpur. Shahada inatolewa na chuo mama, masomo ni kwa Kiingereza, na upo mwaka wa maandalizi kwa asiyefikia sifa za kuingia moja kwa moja. Curtin, nayo ya Australia, ipo pia, ila iko Miri, Sarawak, kwenye kisiwa cha Borneo: kutoka Kuala Lumpur utapanda ndege nyingine, na nauli hiyo haimo kwenye vipeperushi.

Malaysia imeshika nafasi hii kwa sababu ya kinachotokea mambo yakienda mrama. Kijana akishindwa kufikia alama ya lugha, muhula wa ziada utaulipia kwa ringgit, na haumalizi akiba ya familia kama ambavyo pauni ingefanya. Mjini Kuala Lumpur Kiingereza kinatumika dukani, kwenye treni na hospitalini, hivyo anachojifunza asubuhi anakitumia jioni. Familia za Zanzibar na Mombasa zinazouliza kuhusu chakula halali na msikiti hazitapata tabu.

Utaratibu wake una mitego midogo. Chuo ndicho kinachoomba kibali kupitia EMGS, shirika la Malaysia linaloshughulikia viza za wanafunzi wa nje, na barua ya kukubaliwa viza hutoka kabla ya safari. Usikate tiketi kabla ya barua hiyo kutoka. Akifika, ana siku saba za kwenda kupimwa afya kwenye kliniki iliyoteuliwa. Kibali kimefungwa kwa chuo kilichokiombea, kwa hiyo kuhama chuo katikati ya mwaka ni kazi kubwa. Mahudhurio yakishuka chini ya asilimia 80, kuongezewa kibali ni shida. Na asitegemee kibarua: kinaruhusiwa wakati wa likizo ya zaidi ya siku saba, kwa ruhusa, na katika kazi chache tu.

Nafasi ya pili: Kampala

Kuna watakaoshangaa. Lakini kwa Mcongo au Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa, na kwa Mtanzania wa bajeti ndogo, Uganda inafanya kitu ambacho Nairobi haifanyi: inamnyima Kiswahili. Nairobi kijana atapona kwa Kiswahili na Sheng kuanzia kwa konda hadi kwa mama wa chakula. Kampala akikwama hana budi kuongea Kiingereza, au Kiganda asichokijua. Miezi sita ya kozi ya lugha, kisha stashahada au shahada, ni njia ambayo vijana wa Bujumbura na Goma wameshaizoea.

Udhaifu wake ni kwamba ubora unatofautiana mno kati ya chuo na chuo. Angalia kwanza kama chuo kimeidhinishwa na baraza la elimu ya juu la Uganda, kisha kama kozi yenyewe imeidhinishwa, maana hayo ni mambo mawili. Chuo chenye ithibati kinaweza kuwa kinaendesha kozi isiyokuwa nayo.

Nafasi ya tatu: mwaka wa maandalizi Uingereza

Hapa ubora wa ufundishaji wa lugha ni mzuri kuliko wote katika orodha, lakini na bei nayo iko juu. Mwaka wa maandalizi kwa kawaida ni pauni 15,000 hadi 25,000. Mara nyingi hauendeshwi na chuo kikuu chenyewe bali na kampuni kama INTO, Kaplan, Study Group au Navitas ndani ya kampasi. Si vibaya, lakini mkataba wako ni na nani? Muulize wakala hivyo hivyo, na umtake akuonyeshe kwenye karatasi.

Kwa kozi ya chini ya shahada, idara ya uhamiaji inataka B1 kwenye mtihani iliyouidhinisha, yaani IELTS ya UKVI (toleo la viza ya Uingereza), siyo IELTS ya kawaida. Maswali ni yale yale, ila cheti cha kawaida hakitakubaliwa, na ada ya mtihani imekwenda. Duolingo nayo haifai hapa, hata kama chuo kimesema kinaitambua.

Kuna viza ya kozi fupi ya Kiingereza, ya miezi 6 hadi 11. Wengi huichukua wakidhani watabadilisha wakiwa kulekule. Hairuhusiwi: haiongezwi, haibadilishwi, na mwenye nayo hafanyi kazi. Lazima arudi nyumbani kuomba upya.

Kinachokataliwa zaidi ni taarifa ya benki. Tangu Novemba 2025 mwanafunzi wa nje ya London anatakiwa kuonyesha pauni 1,171 kwa mwezi, na wa London 1,529, kwa miezi isiyozidi tisa, pamoja na ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza. Chukua ada ya 18,000 iliyolipwa 6,000: zimebaki 12,000. Matumizi nje ya London ni 1,171 mara tisa, 10,539. Jumla 22,539. Salio hilo likae siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Mzazi akitoa milioni mbili siku ya 19 kumalizia msiba na kuzirudisha kesho yake, hesabu inaanza upya. Kwa hiyo weka akiba ya ziada juu ya kiwango, maana shilingi ikiyumba dhidi ya pauni salio linashuka bila wewe kugusa kitu. Ongeza ada ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka, na cheti cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Tanzania na Kenya zote zimo kwenye orodha ya wanaopimwa.

Nafasi ya nne: Uturuki

Vyuo vinavyofundisha kwa Kiingereza, kama ODTÜ na Bilkent vya Ankara au Boğaziçi ya Istanbul, vina mwaka wa lugha unaoitwa hazırlık. Unafika, unafanya mtihani wa lugha, ukishindwa unaingia mwaka huo ndani ya chuo hichohicho. Kwa anayejifunza ni mpango mzuri sana, kwa sababu nafasi ya shahada inakungoja. Kikomo kwa kawaida ni miaka miwili, na baada ya hapo unaondolewa.

Kasoro ni kwamba nje ya geti la chuo ni Kituruki kitupu. Jingine: kozi nyingi zimeandikwa kuwa asilimia 30 ni kwa Kiingereza. Maana yake asilimia 70 ni Kituruki. Na ufadhili wa serikali, Türkiye Bursları, kwa kawaida humwanzishia mwanafunzi mwaka wa Kituruki, siyo Kiingereza.

Zilizobaki

India ni maarufu, ada yake ni nafuu, na vyuo vingi havidai mtihani wa lugha. Hapo ndipo penye mtego. Kutodaiwa mtihani hakumfanyi mhadhiri aongee taratibu, na anayeshindwa mtihani wa muhula wa kwanza kwa sababu ya lugha hana darasa la kumkimbilia. Inamfaa aliyefikia B2, si anayejifunza. Akienda, atazame ithibati ya chuo kwa NAAC, baraza la ithibati la India, ajiandikishe FRRO, ofisi ya kusajili wageni, ndani ya siku 14, na ajue viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi.

Kanada imekuwa ghali na ngumu. Tangu Septemba 2025 mtu mmoja huonyesha dola za Kanada 22,895 za kuishi, mbali na ada na nauli, na wengi huhitaji pia barua ya uthibitisho kutoka jimbo ambako chuo kipo. Aliyepata udahili wenye sharti la lugha hupewa kibali cha muda wa kozi ya lugha, kisha anaomba tena. Ni maombi mawili, na la pili nalo linaweza kukataliwa.

Marekani iko mwisho kwa Mtanzania na Mrundi kwa sababu moja: mlango. Burundi iliwekewa zuio la viza za wanafunzi Juni 2025, na Tanzania ikaongezwa kwa tangazo la Desemba 2025 lililoanza 1 Januari 2026. Hakikisha hali ya siku hiyo kabla ya kulipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa nje. Kwa Mkenya mambo ni tofauti, na tungeipandisha hadi ya tatu: chuo cha jamii cha miaka miwili chenye idara ya lugha, kisha kuhamia chuo kikuu, ni njia nafuu.

Barua ya udahili isomwe hivi

Tafuta mambo manne. Alama ya kupanda kwenda shahada, ya masomo na ya lugha, kila moja peke yake. Nani anapima lugha mwishoni, chuo au mtihani wa nje. Akikosa, anarudia kipengele kimoja au mwaka mzima, na kwa bei gani. Na ada hurudishwa kiasi gani viza ikikataliwa. Barua inayosema nafasi "imehakikishwa" bila namba haijahakikisha chochote. Uliza pia saa za lugha kwa wiki (chini ya 15 ni kidogo) na idadi ya wanafunzi darasani.

Wakala kwa kawaida hulipwa kamisheni na chuo. Ndiyo maana vyuo visivyolipa kamisheni huvisikii ofisini kwake. Ada ilipwe kwa TT, yaani uhamisho wa benki kwenda benki, kwenye akaunti yenye jina la chuo. Ikiwa ya wakala, ondoka.

Kabla ya yote, linganisha majina: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti. Herufi moja ikipishana, anza na hati ya kiapo au deed poll (hati ya kubadili jina) sasa, kwa sababu jina la mtihani wa lugha hufuata pasipoti. Mtanzania aombe TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, barua ya kutokuwa na pingamizi. Aliyetoka kidato cha nne kupitia mwaka wa maandalizi aiulize TCU kwa maandishi, kabla ya kulipa, kama shahada atakayorudi nayo itatambuliwa, kwa sababu katika tathmini huangaliwa pia sifa alizoingilia chuoni.