Chanjo ya homa ya ini B zahanati ya mtaani: chumba cha sindano safi, dirishani hapana

Mimi ni kinyozi, siku nzima niko na wembe mkononi, kwa hiyo nilikwenda kuchanjwa homa ya ini B kwenye zahanati moja ya binafsi huku Temeke. Bei iliyobandikwa ni ya sindano moja, na kipimo unalipia pembeni. Ulizeni kabla ya kutoa hela.

Wanapima damu kwanza, na hapo nawasifu. Mwenye kirusi tayari chanjo haimsaidii; huyo anatakiwa kufuatiliwa ini lake, pengine aanzishiwe dawa. Ila majibu! Dada wa dirishani aliniita jina, akatangaza "homa ya ini huna", benchi zima likasikia. Sasa yule atakayekutwa nayo? Na watu wenyewe ndio hawa wanaoamini inaambukizwa kwa kula sahani moja au kupeana mkono, wakati haiko hivyo.

Muuguzi wa sindano ni mama wa makamo, hana haraka kabisa. Aliniambia kirusi kinapita kwenye damu na majimaji ya mwili: ngono bila kinga, mama kwa mtoto wakati wa kujifungua, vitu vyenye makali. Kwenye damu iliyokauka kinaweza kudumu siku 7 na bado kikaambukiza. Wateja wangu wakiona napuliza spiriti kwenye mashine wanaridhika, yeye hakuridhika. Wembe mpya kila kichwa, na meno ya mashine yasafishwe nywele na damu kwanza ndipo yatiwe dawa, maana dawa juu ya uchafu haifiki.

Akaniuliza habari za watoto. Kinga yao imo kwenye sindano za kliniki za wiki ya 6, 10 na 14. Kichanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 kati ya 10 hubaki na kirusi miaka yote. Mtu mzima mwenye afya ni nadra, wengi mwili wao hukiondoa. Ndiyo maana wajawazito wapimwe mapema.

Sindano ni 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya mwisho mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Hawatumi meseji ya kukumbusha, na kadi yao ni karatasi laini, mvua moja tu imekwisha. Ipigeni picha. Ukichelewa huanzi upya, unaendelea ulipoishia.

Vijana wangu wa kibandani nimewapeleka palepale kwa sababu ya yule mama. Niliwaambia majibu wayaombe ndani, mlango umefungwa.