Fundi wa chokaa aliyekataa kuugusa msala wa mama mpaka kibali kitoke

Fundi ninayemsifu hapa ameniomba nisiweke jina lake wala namba yake, na nimekubali. Ukimtaka, nenda Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, baada ya alasiri uulizie fundi wa chokaa, utaonyeshwa. Amenitengenezea msala, yaani choo na bafu, wa mama yangu, na kabla yake nilikwishapoteza pesa na nusura niipoteze na nyumba.

Nyumba yetu iko Hamamni, ya mawe na boriti, ghorofa mbili, tumeachiwa na babu. Bi Mkubwa, yaani mama, ana miaka 78 na magoti hayamsaidii tena. Msala wa juu ulikuwa wa kuchuchumaa, pembeni kabisa mwa ukumbi wa nyuma, na usiku alikuwa akiuvuka ukumbi mzima kwa kushikilia ukuta. Kaka yangu aliyeko Maskati akaleta pesa, tukakubaliana: choo cha kukaa, bafu lenye maji ya moto, vyote viwe ubavuni mwa chumba chake. Machoni petu ilikuwa kazi ya ndani tu. Nani anaomba ruhusa ya kutengeneza choo chake mwenyewe?

Fundi wa kwanza naye aliona hivyo hivyo. Alikuja na nyundo, vijana wawili na mifuko 12 ya saruji. Siku ya tatu wakautoboa ukuta wa upande wa kichochoroni ili bomba la maji machafu lishukie nje. Siku ya nne akaja mkaguzi, akauliza karatasi ya kibali, hatuna, kazi ikasimama. Mkaguzi simlaumu hata kidogo. Fundi aliondoka na kianzio chetu na simu hakuipokea tena, tukabaki na tundu la kupita kichwa cha mtoto, tumeliziba kwa kipande cha bati.

Ndipo jirani akanipeleka kwa huyu mzee.

Alipofika nilimwongoza juu. Akakataa, akasema anaanzia chini. Chini kuna fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele, na cherehani yake ilikuwa imefunikwa nailoni, maana dari lilimdondokea kila Bi Mkubwa alipooga. Mzee akaomba ngazi, akapanda mpaka boriti inapoingia ukutani, akatoa bisibisi mfukoni, akaibonyeza kwa kidole gumba tu. Ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa ilitoka na unga mweusi, mbichi, unanuka kama udongo wa koko. Akasogea boriti ya pili, ikazama. Ya tatu, ikazama. Boriti hizo hizo ukizitazama katikati ya dari ni ngumu na nzuri, unaweza kuapa zina miaka mia nyingine.

Akanieleza pale pale ngazini. Vichwa vya boriti vimelala ndani ya ukuta, na ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyonyonya maji na kuyatoa polepole. Msala ukivuja, maji yanaingia ukutani na kichwa cha boriti kinaoza mahali usipopaona. Ukija ukapiga lipu ya saruji juu yake, unyevu unafungiwa ndani, unatafuta pengine pa kutokea, na chumvi inaimega lipu ikawa inapukutika kama ngozi ya ukurutu. Ile mifuko 12 ingeiua nyumba kwa miaka michache.

Kisha akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Mwanangu, mimi sishiki mwiko hapa mpaka unionyeshe karatasi ya Mamlaka. Ukuta wako ndio ukuta wa jirani."

Hakuwa na haja ya kunikumbusha Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, lakini nilikumbuka mwenyewe. Jumba limesimama tangu 1883, na tarehe 25 Disemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, sehemu ya mbele ikaporomoka na watu wawili wakafa. Siku hiyo nilikuwa Forodhani. Tangu hapo nyufa za nyumba za mawe sizitazami kama zamani.

Hiyo Mamlaka aliyoitaja ni Mamlaka ya Mji Mkongwe, yenye kuuhifadhi mji, nayo ipo tangu 1985, na mji umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000. Yote hayo nilikuwa nayajua, nasomesha skuli na wanafunzi nawaambia. Nisilolijua ni kwamba yananihusu mpaka msalani. Mzee alinichorea mpaka kwa maneno mepesi: koki, sinki, bakuli la choo likibadilishwa pale pale lilipokuwa, hayo ni matunzo. Lakini ukibomoa ukuta, ukifungua mlango au dirisha, ukihamisha choo, ukimwaga zege juu ya boriti, ukipitisha bomba ukuta wa nje, au ukipandisha tangi juu ya paa, umeingia kwenye kibali. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima imekaa juu ya miti ya babu zetu. Na kama hujui kazi yako iko upande gani, swali linaulizwa ofisini kabla nyundo haijainuliwa.

Jambo jingine ambalo fundi wa kwanza hakuligusa kabisa: nyumba ni ya nani? Yetu ni ya mirathi, kwa hivyo ilibidi warithi wote tukubali kwa maandishi, na kaka akatuma barua yake kutoka Maskati. Jirani yetu anakaa nyumba ya wakfu. Yeye hawezi hata kuanza bila ridhaa ya Wakfu, kwa sababu ni mpangaji. Walio kwenye nyumba za serikali nao ni hivyo hivyo. Sisi tulikwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, tukachorewa mchoro, tukapeleka hati, wakaja kukagua.

Na mchoro wetu ukakataliwa. Niliumia, sikufichi. Mzee alikuwa ameshaniambia utakataliwa na sababu akanionyesha kwa mpira wa maji. Bomba la choo la inchi nne linataka kushuka kama sentimita 2 kwa kila mita. Kutoka chumbani kwa Bi Mkubwa mpaka shimo la zamani ni mita sita, yaani linashuka sentimita 12, na linakatisha boriti moja baada ya nyingine. Ama uzikate boriti, ama ulitoe bomba nje kichochoroni kama alivyotaka yule wa kwanza. Zote mbili hazikubaliki. Wazee waliojenga nyumba hii walipanga misala yote kona moja, wa juu juu ya wa chini, na walijua wanachofanya. Tulichoruhusiwa ni msala kubaki kona yake, na mlango mmoja wa ndani kufunguliwa kwenye kizigeu chembamba ili Bi Mkubwa apite chumba cha stoo badala ya ukumbi. Hatua 19 zimekuwa 7. Nimezihesabu mimi.

Kazi yenyewe ndiyo iliyonifanya nimpende. Alitoa boriti tano moja moja, akiwa ameegemeza dari kwa magogo, akaweka mpya na vichwa vyake akaviachia nafasi ya hewa ukutani. Chokaa aliiloweka kwenye pipa wiki tatu. Sakafu ilipondwa kwa vibao siku nne, vijana wake wakipokezana, na mzee akipita nyuma yao peku, anaisikiliza kwa nyayo. Ukuta wa bafu alipiga lipu nyembamba nyembamba, kila tabaka likisubiriwa, la mwisho akalisugua kwa jiwe laini mpaka likang'aa. Ukimwagia maji yanateremka. Marumaru tuliweka sehemu ya kusimama tu. Lile tundu la kichochoroni alilijaza kwa mawe na chokaa, leo siwezi kukuonyesha lilipokuwa.

Sasa kasoro zake. Alisema wiki sita, akamaliza wiki kumi na moja. Chokaa haikimbizwi, hilo nimelielewa, lakini wiki mbili kati ya hizo alikwenda kwenye kazi nyingine shamba bila kuniaga, na Bi Mkubwa alikuwa anateremka ngazi kuomba msala kwa fundi cherehani. Hilo lilinikera na nilimwambia. Risiti hatoi, nilinunua daftari, kila malipo akatia saini. Ufundi wake nililipa shilingi 1,900,000, vifaa mbali. Fundi wa saruji atakufanyia kwa nusu yake.

Imepita masika moja tangu amalize. Mwezi uliopita nilipanda ngazi ile ile chini na bisibisi ile ile, nikaibonyeza kwenye vichwa vitano vyote. Haikuingia. Fundi cherehani alikuwa anashona kanzu, na nailoni ameitandika chini ya mlango kuzuia vumbi.

Ukimwendea, mpelekee na nakala ya kibali. Kwa sasa ana nyumba mbili mbele yako, moja Kiponda, moja Malindi.