Gari inalia tik tu haiwaki: ni betri au stata?

Wadau, msikimbilie maduka ya spea ya Gerezani kununua stata (ile mota inayozungusha injini iwake) kabla hamjasikiliza mlio vizuri. Ikilia tiktiktik haraka haraka na taa za dashibodi zinafifia, hapo mara nyingi ni betri, imeishiwa chaji au terminali (vichwa vya betri vinaposhikia waya) zina ule unga mweupe, na joto hili la Dar linaua betri mapema kweli. Pima na mita ya umeme gari ikiwa imezimwa, betri nzima inasoma kama volti 12.6, ikishuka chini ya 12 ujue imekwisha chaji. Safisha terminali kwa maji ya moto na brashi, kaza, halafu omba jirani akubusti, yaani aunganishe betri yake na yako kwa waya, ikiwaka basi stata yako iachwe kwa amani ila mwambie fundi acheki na chaji ya altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka.

Stata yenyewe ni tofauti, unasikia tak! moja nzito, taa zinawaka vizuri tu na hata ukibusti wapi. Igonge taratibu na mpini wa nyundo huku mwenzako anawasha, ikishika nenda moja kwa moja kwa fundi umeme, usiizime njiani. Mi ningeanza na betri kila siku, kuipima ni dakika mbili.