Picha za flaneli za kufundishia watoto: nilivyozitumia Karonga wiki mbili

Wapendwa, hii naiandika kwa ajili ya wale wanaojiandaa kwenda kufundisha watoto nje ya nchi likizo hii, maana mwaka jana mi nilitafuta mtu wa kunielekeza nikakosa. Tulikua sita kutoka Mbeya, tukavuka mpaka wa Kasumulu mwezi wa nane kwenda Karonga, Malawi, pembeni ya ziwa, wakati shule za kule zimefunga ile likizo yao ndefu, tukakaa wiki mbili. Asubuhi Neno la Mungu, alafu kusoma na kuhesabu mpaka muda wa chakula.

Ninachokisifia hapa ni seti ya picha za flaneli. Kwa asiezijua, unakua na ubao uliovalishwa kitambaa cha flaneli, na picha za watu, miti, nyumba, mtumbwi, zote zina flaneli nyuma, unazibandika zinashika zenyewe bila gundi wala pini sababu yale manyoya ya kitambaa yananasana. Wamama waliofundisha sandei skuli zamani wanazijua vizuri sana. Siku hizi wengi tumehamia kwenye projekta, na hata sisi tulibeba moja, lakini kule tulikofundishia chini ya mwembe hakuna umeme na mwanga wa jua ni mkali huoni kitu ukutani, projekta ilikaa kwenye boksi mpaka tunarudi.

Seti nilinunua 95,000 kwenye duka la vitabu vya Kikristo, imetoka nje. Rangi ni nzuri, hazikupauka mpaka tunaondoka, na picha ni kubwa kiasi kwamba mtoto wa mwisho kabisa nyuma anamwona Petro ni Petro. Hapo nawapa sifa zao. Lakini kuna mambo yamenikera na nayasema wazi ili ujipange. Kwanza picha zinakuja kwenye mashiti, hazijakatwa, mi nilidhani natoa kwenye boksi nafundisha, kumbe nina kazi ya siku tatu na mkasi. Pili ile flaneli ya nyuma ni nyembamba na imegundishwa vibaya, kufika siku ya nne zilianza kubanduka kwenye kona, bora ushone au ubandike upya kwa gundi ya nguo kabla hujasafiri. Tatu kitabu cha maelezo ni Kiingereza kitupu. Na la nne ndo liliniuma zaidi, watu wote kwenye picha ni weupe, hata watoto waliomzunguka Yesu, mtoto wa Karonga anatafuta yuko wapi wa kufanana nae hamwoni. Nilichora watoto wengine mwenyewe nikawavalisha vitenge, nawaombeni msiliruke hili.

Sasa niwaambie kilichonifanya niipende hii njia. Somo la siku ya tano lilikua Yohana 21, wanafunzi wamevua usiku kucha hawajapata kitu, alafu Yesu anawaambia watupe nyavu upande wa kuume. Mstari wa 11 unasema samaki walikua 153. Seti ina wavu mmoja umechorwa na samaki kama kumi hivi, nikaona hapana, hawa ni watoto wa ziwani, samaki wanawajua kuliko mimi. Nilikua na vipande vya flaneli vilivyobaki, nikakata samaki 153 usiku wa siku mbili kabla ya safari, wadogo kama kidole gumba, sikuweka gundi yoyote sababu flaneli inashika flaneli yenyewe. Siku ya somo kila mtoto akapewa samaki wake wawili watatu, wanakuja mmoja mmoja kubandika kwenye wavu huku wote wanahesabu kwa sauti, ikawa ni somo la Biblia na la hesabu kwa pamoja. Kufika mia moja na kitu kuna binti mdogo alisimama pale mbele akaangalia ubao muda mrefu, akawatoa samaki wangu waliokua wametazama kila upande akawapanga wote wanaelekea sehemu moja, akasema usipa hawaendi hivyo, wanaenda pamoja. Usipa ni dagaa wa kule, na kwetu Kyela jina ni hilo hilo. Nilikaa kimya nikamwacha amalize.

Upepo ndo adui wa hii kitu. Kule kuna upepo wa ziwani wanauita mwera, siku ya kwanza ulinibebea Ibrahimu na mahema yake yote. Dawa ni kuulaza ubao kidogo kwa nyuma usisimame wima, na mgongo wa ubao uuelekeze kwenye upepo, ikizidi shikiza kwa pini za nguo.

Mambo mengine ya maandalizi nayapitia haraka. Chanjo ya homa ya manjano kachome mapema ubebe na kadi, neti usiache, na saa urudishe nyuma lisaa limoja ukishavuka, sisi siku ya kwanza tulifika tukakuta hakuna mtoto hata mmoja. Ziwa kule ni Ziwa Malawi, ukifundisha ramani usiwabishie kwa Nyasa yako, wewe ni mgeni. Lugha mi nilibahatika, ni Mnyakyusa na Kingonde cha pale tunasikilizana, Mungu ni Kyala kwetu na kwao, asante ni ndaga, ila wapo wanaoongea Kitumbuka, jifunze hata salamu na "yewo" ya kushukuru. Na watoto wa watu wasiachwe na mtu mzima mmoja peke yake, muwe wawili muda wote, na wazazi waulizwe kwanza kabla hujapiga picha.

Kwa hiyo ninunue tena? Picha ndio, ubao hapana. Ubao wa dukani ni ghali na haukunjiki, mi fundi alinikatia plaiwudi vipande viwili akaunga na bawaba, inakunjika kama begi na ndani yake nikaweka picha zote. Seti yenyewe tumeiachia mwalimu wa sandei skuli wa kule pamoja na samaki wake, nimeshaanza kukata wengine. Flaneli chukua soko la Mwanjelwa pale Mbeya, mita mbili zinatosha, bluu iliyokoza sababu inafaa kwa mbingu na kwa ziwa, na uombe ile nzito ya kufunikia watoto wachanga, ipapase kwa mkono kwanza, isiyo na manyoya haishiki.