Uzoefu wangu na programu ya kutafuta maneno ya Kiingereza kwa herufi na urefu

Nasomesha Kiingereza katika skuli moja ya sekondari wilayani Wete, Pemba, na kwa miezi saba sasa nimekuwa nikitumia programu ya simu ambayo kazi yake ni moja tu: unaiambia neno lina herufi ngapi, zipi lazima ziwemo, zipi zisiwemo na zipi zikae mahali gani, nayo inakuorodheshea maneno ya Kiingereza yanayotimiza masharti hayo. Wengi huitumia kufumbua chemshabongo, au kwa mchezo wa Wordle, ambao mchezaji hubahatisha neno la herufi tano kwa majaribio sita. Mimi niliiweka kwa ajili ya Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi vinavyookotwa mfukoni, ambao wanafunzi wangu huucheza alasiri ya Alhamisi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuamua ugomvi wa kama neno fulani lipo au halipo.

Kilichonifanya niithamini ni herufi Q. Katika Scrabble ya Kiingereza kipande cha Q ni kimoja tu kati ya vipande 100 na kina pointi 10, lakini watoto walikuwa wakikiona kama mkosi, kwani maneno mengi ya Kiingereza hutaka Q ifuatwe na U, na vipande vya U ni vinne tu. Isitoshe, alfabeti yetu ya Kiswahili haina Q kabisa. Usiku mmoja, nikitayarisha kipindi, niliitaka programu initafutie maneno yenye Q yasiyo na U, nikaanza na ya herufi nne, kisha tano, kisha sita. Miongoni mwa yaliyokuja yalikuwemo waqf na qadi. Yakafuata qibla, talaq, niqab na faqir. Halafu qasida na tariqa. Nilikaa nikiyatazama, maana ni wakfu, kadhi, kibla, talaka, nikabu, fakiri, kasida na tarika, maneno ambayo Kiingereza na Kiswahili vimeyachota katika kisima kimoja cha Kiarabu, sisi tukayaandika kwa K na wao wakaibakishia qaf, ile herufi ya Kiarabu, herufi yake ya Q.

Alhamisi iliyofuata niliyaandika ubaoni bila tafsiri. Watoto ambao wamepita chuoni, yaani madrasa, tangu wadogo waliyasoma papo hapo, na qaf wakaitoa kooni kama walivyofundishwa. Msichana mmoja ambaye aghlabu hasemi darasani akaniuliza, "Maalim, kumbe na haya ni Kiingereza?" Nilimjibu kuwa yamo katika kamusi kubwa za Kiingereza na yanakubalika mchezoni, ila asiyaingize katika insha ya mtihani bila ya kuyaeleza. Tangu siku hiyo anayeokota Q hakimbilii tena kuirudisha mfukoni.

Faida ya pili ni ile ya kupanga herufi mahali pake. Msimu wa karafuu, majamvi yakiwa yametandazwa hadi kando ya barabara, niligundua kwamba wengi darasani hawalijui jina la Kiingereza la zao lililowasomesha kaka na dada zao. Nikaanza na clove, kisha nikaitaka programu inipe maneno yote ya herufi tano yanayomalizikia na ove. Nikapata above, clove, drove, glove, grove, prove, shove, stove na trove. Msomaji wa Kiswahili amezoea kwamba O ni O popote inapokaa, lakini hapa above, glove na shove zina sauti inayokaribia A fupi, prove ina U ndefu, na zilizobaki zina O inayoelekea U mwishoni. Kamusi ya kitabu haiwezi kukupangia hivyo, kwa sababu hufuata herufi ya mwanzo, na maneno yenye mkia mmoja hutawanyika humo kurasa kwa kurasa. Kwa mwalimu wa matamshi, hili peke yake linatosha kuiweka programu hii katika simu.

Kasoro zake si ndogo, hata hivyo. Haitoi maana wala matamshi, na huchanganya neno la kila siku na neno ambalo Mwingereza mwenyewe huenda hajawahi kulitamka, bila alama yoyote ya kuyatenganisha. Mwanafunzi aliyekutana na cwm, neno la herufi tatu lisilo na irabu hata moja, alidhani simu imeharibika. Ni neno lililotoka katika lugha ya Wales, na maana yake ni aina ya bonde. Vilevile color, honor na labor hutokea kama maneno ya kawaida bila kuelezwa kuwa hiyo ni tahajia ya Kimarekani, na mwanafunzi wangu mmoja aliyanakili hivyo katika insha, ikanilazimu kumkosoa kwa kosa nililomletea mimi. Programu pia hukuachia uchague orodha ya Marekani na Kanada au ile inayotumika katika nchi nyingi nyingine, lakini huanza na ya kwanza, na neno linalokubalika katika moja huweza kukosekana katika nyingine. Ibadilishe kabla ya kufanya jambo lolote.

Linaloniudhi zaidi ni matangazo ya kamari, ambayo hujitokeza katikati ya orodha huku watoto wakiwa wameinamia simu. Kwa sababu hiyo, na pia kwa kuwa programu haifanyi kazi bila intaneti, hunakili orodha daftarini usiku, kisha nikaingia darasani na daftari tu.

Wakati wa mchezo simu hukaa mezani kwangu na hufunguliwa neno likibishaniwa tu. Mchezaji akitumia vipande vyake vyote saba kwa mkupuo mmoja hupata pointi 50 za ziada, na nimeona uso wa mtoto aliyelipata neno hilo kwa akili yake mwenyewe; sitaki simu imnyang'anye furaha hiyo. Orodha ya wiki ijayo nimeshainakili, nayo ni ya maneno ya herufi tano yanayomalizikia na ough: bough, cough, dough, rough na tough. Nimetenga vipindi viwili kwa ajili yake.