Cherehani ya kushonea kwilti ya viraka: angalia tundu kwanza, mengine baadaye

Jamani inbox imejaa malalamiko ya aina moja: mtu kakata vitenge vyake vizuri, viraka tisa vya inchi 4½ kila upande, kaunganisha tatu kwa tatu, bloku (mraba mmoja wa kwilti, lile blanketi la viraka) badala ya kutoka inchi 12½ inatoka 12¼ na kona hazikutani, halafu anajilaumu hajui kushona. Mara nyingi ni mashine, dada.

Warranti na stichi za maua siongelei, hayo muuzaji atakuimbia mwenyewe. Kwenye viraka unataka mshono mmoja tu ulionyooka, robo inchi kutoka ukingoni. Ukizidisha robo ya hiyo robo, kila mshono unakula pande mbili, na mstari wa viraka vitatu una mishono miwili, basi inchi robo nzima imeenda. Na mchawi ni kitu ambacho watu hawakiangalii dukani, lile tundu la kwenye bamba la chuma chini ya sindano. Mashine ya zigizaga tundu lake pana maana sindano inahama kushoto kulia, sasa ukianzia kwenye kona ya kiraka kitambaa kinasukumwa humo, kinamezwa, mshono unapinda kabla hujafika popote. Ya mshono ulionyooka pekee ina katundu kadogo, sindano inapita basi.

Namba moja kwangu, na sifichi, Singer nyeusi ya zamani ya kanyagio. Tafuta klasi 15 (aina ya Singer ya mshono ulionyooka tu, yenye katundu kale kadogo), inatumia sindano za kawaida za nyumbani, chuma kizito hakitembei mezani, na umeme ukikatika wewe unaendelea tu.

Namba mbili Butterfly nyeusi ya Shanghai, umbo ni lile lile la Singer 15. Nzuri, ila roho yangu iko kwa Singer.

Namba tatu za umeme zenye zigizaga. Uliza kama bamba la tundu moja la modeli hiyo lipo, na ukilifunga usiguse zigizaga, sindano itavunjika. Halipo? Anza kushona kwenye kitambaa chakavu, kisha ingiza kiraka nyuma yake bila kukata uzi.

Vile vimashine vya kushika mkononi vinashona kwa uzi mmoja, ukikata uzi, mshono unafumuka. Bora sindano ya mkono.

Sasa wauzaji wa Kariakoo. Ukiomba kujaribu anakushonea katikati ya kitambaa kigumu kilichokunjwa mara mbili, hapo kila mashine malaika. Nenda na vipande vyako vya kitenge, mwambie aanzie kwenye kona kabisa, uone anavyonuna. Na bei anakutajia ya kichwa tu, ukishakubali ndo unasikia meza mbali, mkanda mbali, na kubeba mpaka kwenye bajaji nako hela yake, yaani!